Droo Mbili Katika Chungu cha Lyulilo

Inspekta Hanifa hakupewa kiti. Ofisi ya Umoja wa Wakulima wa Mpunga pale Ipinda ilikuwa na viti vitano, na asubuhi ile ya Alhamisi vyote vitano vilikaliwa na watu waliomwona anaingia, wakamtazama viatu, wakaendelea kukaa. Matope ya mafuriko yalikuwa bado yamechora mstari ukutani, usawa wa magoti. Nje watu zaidi ya mia walisimama kwenye manyunyu wakisemezana Kinyakyusa, na kila alipogeuka kuwaangalia walinyamaza.

"Kesi imeshaisha, afande," alisema mwenyekiti Lameck, bwana mmoja aliyevaa koti la suti na mabuti ya mpira. "Msichana amefuta ramani yetu. Yuko lokapu. Saa nane gari linampeleka Kyela kwa hakimu, na huko tunajua ataishia gerezani. Sasa Mbeya wamekutuma wewe kufanya nini?"

"Kuhakiki jalada."

"Basi hakiki. Jalada halihitaji kiti."

Mtu mmoja alicheka. Hanifa alimwangalia mpaka kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa amezaliwa Pangani, ana miaka kumi na miwili kazini, na alishazoea kuchukiwa na watu waliokuwa na sababu. Hawa nao walikuwa nayo. Mafuriko ya Aprili yalikuwa yameng'oa mawe ya mipaka katika mashamba mia tatu na arobaini, kuanzia Ipinda kushuka Mwaya hadi karibu na ziwa. Tangu soko huria liingie, kila mwenye gari jipya na mkoba wa ngozi alijiita mwekezaji, na mmoja wao alikuwa ameshaomba apimiwe eneo lote la chini, akidai halina mwenyewe. Ushahidi wa wakulima ulikuwa mmoja tu, ile ramani iliyokuwa ndani ya kompyuta. Jumatatu asubuhi Tusekile, karani wa kompyuta, aliiwasha ili aichapishe. Haikuwaka. Ilipofika saa nne alikuwa amefungwa pingu.

Karibu na meza alisimama Haruni, fundi wa redio na deki kutoka Kyela mjini, ambaye siku hizi aliongeza neno kompyuta kwenye kibao cha duka lake. Taarifa yake ilikuwa nusu ukurasa, imegongwa muhuri mara mbili.

"Umeandika disk zote mbili zimefutwa," alisema Hanifa. "Ulijuaje?"

"Hayo ni mambo ya ufundi, afande."

"Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Hilo la kama liondoe," sauti ikasema kutoka kwenye viti.

Haruni akajikohoza. "Ukiwasha, inaandika L. Inaandika I. Hapo inaganda. Maana yake ndani hamna kitu."

"Iwashe nione."

Jenereta lilivutwa kamba mara tatu, likakohoa, likakubali. Kompyuta ilikuwa kasha refu la rangi ya maziwa lililopauka, na mbele lilikuwa na droo mbili nyeusi zenye vishikio, moja juu ya nyingine. Kila droo ilibeba disk yake, chuma kinachotunza kumbukumbu za mashine. Kioo kikawa cheusi, kikahesabu vitu vyake, kisha pembeni juu zikatokea herufi mbili nyeupe: LI. Hazikuongezeka.

"Umeona?" Lameck alisema. "Tupu."

"Haruni, kama disk ni tupu, nani ameandika hizo herufi?"

"Ni... ni mashine yenyewe."

"Zima. Koplo Aliko, njoo ushuhudie, uandike saa."

"Hicho ni kielelezo!" Lameck aliruka kitini. "Ukikigusa naandika barua mkoani leo hii!"

"Andika. Jina langu Hanifa, herufi sita." Alitoa chaki mfukoni, akaiwekea droo ya juu alama ya msalaba na ya chini alama ya duara, kisha akazivuta zote mbili zikatoka bila ubishi. Akaiwasha mashine bila disk. Safari hii kioo kiliandika sentensi nzima ya Kiingereza kulalamika kwamba hakuna disk. Herufi zile mbili hazikutokea.

"Kwa hiyo herufi zinatoka kwenye disk," alisema Hanifa. "Na disk iliyofutwa haiandiki. Weka hilo kwenye nusu ukurasa wako, upige muhuri wa tatu."

Haruni alitazama miguu yake. Hanifa hakuwa na muda wa kumhurumia, maana jicho lake lilikuwa limeona kitu kingine. Alipoinamisha droo, kwenye kona za ndani kulidondoka vumbi la rangi ya kahawia. Akalipokea kiganjani. Zilikuwa pumba za mpunga, kavu kabisa, katika ofisi iliyokaa siku nne ndani ya maji.

Akazifunga kwenye karatasi. Akarudisha droo kila moja mahali pake, msalaba juu, duara chini, akaomba daftari la mashine. Lilikuwa limening'inizwa kwa kamba mguuni mwa meza, na maji yalikuwa yamekula nusu yake. Fundi aliyeifunga mashine ile, Jubilate wa Mbeya, aliandika kwa mwandiko wa mtu asiyewaamini wengine. Hanifa alisoma ukurasa uliobaki polepole.

"Mashine huanzia kwenye droo ya juu. Programu ndogo ya kuiamsha inaitwa LILO. Huandika jina lake herufi moja moja, kila inapopiga hatua. Ikikwama katikati haijafutwa, imepotea njia. ANGALIENI: disk kubwa ina LILO ya zamani, ya wakati ilipokuwa peke yake humu ndani. Inaelekeza mahali ambapo hapana kitu tena. Msiitumie."

Ukurasa uliofuata, ambao bila shaka ulieleza disk ipi ikae wapi, ulikuwa umeshikana na wenzake ukawa uji.

Hanifa alizisoma tena sentensi zile huku akilipitishia kila neno kidole. Mashine ilikuwa inaanzia juu. Ilianza, ikapiga hatua mbili, ikapotea. Basi huko juu ilikuta disk kubwa na maelekezo yake ya zamani. Mtu alikuwa amezitoa droo, zikaenda mahali penye pumba, zikarudi zimepishana. Kwa nje zilifanana kama mapacha, na hata yeye bila chaki asingezitofautisha.

"Ramani inawezekana ipo," alisema. "Droo zimebadilishana."

Badala ya kufurahi, Lameck alipiga kofi mezani. "Sasa si ndiyo mbaya zaidi! Nani mwingine anajua droo hizo? Kazibadilisha makusudi, ili Jumatatu tuaibike, mwekezaji apite! Zirudishe sasa hivi, iwake, tumfunge kwa ushahidi kamili!"

Hapo Hanifa akauona mtego. Kwenye jalada lote mkono uliotajwa kugusa mashine ulikuwa mmoja tu, wa Tusekile. Mashine ikiwaka kabla hajajua nani alizirudisha droo, atakuwa amemfunga msichana kwa mikono yake mwenyewe. Akaangalia saa. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Mtu asiiguse," alisema. Njia ya kutokea ilikuwa nyembamba, na wale wa nje hawakuipanua.

*

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa dakika tano. Tusekile alitolewa lokapu akiwa na kanga mbili na jicho moja lililovimba. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameolewa mwaka mmoja uliopita. Hanifa aliliangalia lile jicho, kisha akamwangalia Koplo Aliko.

"Alikuwa mkaidi," alisema Aliko.

"Tutalizungumza." Akaifungua karatasi mezani. "Tusekile, hizi ni nini?"

"Pumba, afande."

"Zimefikaje ndani ya droo?"

"Maji yalipoanza kuingia, kasha lilinishinda uzito. Nikalipandisha juu ya meza, droo nikazitoa. Nina chungu kikubwa cha Lyulilo, vile vya sokoni kule ziwani. Nikajaza pumba kavu, nikazilaza humo, moja juu ya nyingine, nikafunika kwa pumba tena. Nyumbani tunahifadhi hivyo mbegu, hazipati unyevu." Alijibu moja kwa moja, bila kutafuta maneno. Hanifa alimwamini, na hilo lilimkasirisha, kwa kuwa kumwamini hakukutosha.

"Chungu kikaenda wapi?"

"Nikakiacha mlangoni mwa ofisi. Kikapelekwa penye mwinuko."

"Kikapelekwa na nani?"

Tusekile akanyamaza.

"Jumatatu ulipofika, droo zilikuwa wapi?"

"Ndani ya mashine."

"Nani alizirudisha?"

Alitazama sakafu.

"Ipi ilikuwa juu siku zote, kubwa au ndogo?"

Midomo yake ilifunguka, ikafunga. Mtu yeyote angesema ni karani asiyeijua kazi yake, lakini Hanifa aliona jinsi jibu lilivyofika ulimini likarudishwa. Alilijua jibu. Alijua pia kwamba akilisema, swali litakalofuata ni lile lile la nani.

"Ofisi inafunguliwaje asubuhi?"

"Nasubiri barabarani. Ukuta wa nyuma ukigongwa mara tatu, nahesabu kidogo, naingia. Ufunguo naukuta dirishani."

"Nani anagonga?"

Tusekile alivuta pindo la kanga.

"Mtu huyo anakutisha? Amekwambia ukimtaja atakufanya nini?"

"Hajawahi kuniambia neno lolote, afande," alisema Tusekile, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza.

"Siku tatu ni hivyo hivyo," Aliko alidakia. "Ukimuuliza kazi, anaimba. Ukimuuliza nani, anageuka jiwe. Huyo ana mwenzake."

Wakati ule ule mlango wa mbele ukasukumwa. Akaingia mzee mrefu mwenye koti la mvua la jeshi, tochi ikining'inia shingoni, akauliza kwa sauti kubwa kama ufunguo wa ofisi aukabidhi pale au kwa mwenyekiti. Hanifa hakupata nafasi ya kumjibu. Tusekile alikuwa ameshavuta kanga, akajifunika kichwa kizima, akageukia ukuta na kujibanza pembeni ya kabati. Na yule mzee, alipoona kanga, aligeuza uso haraka, akarudi kinyumenyume mpaka nje mvuani.

Hanifa aliinuka. Alidhani amempata mtu wake. "Ni yule! Ndiye anayemtisha!"

Aliko akaangua kicheko. "Anamtisha wapi, afande? Yule ni mzee Zebedayo, mlinzi wa Umoja. Baba mkwe wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndiyo mila. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hawaonani, hawasemeshani, hawapiti mlango mmoja. Wengine siku hizi wameacha, kwetu Tukuyu kanisa lilishayapunguza hayo. Huyu mzee hajaacha. Hata ibadani mkwewe anakaa nyuma ya nguzo."

"Na jina?"

"Jina lipi?"

"Jina la mzee. Anaruhusiwa kulitaja?"

Kicheko kilimtoka Aliko usoni taratibu. Alimtazama Tusekile aliyejibanza kando ya kabati, akatazama jicho lile lililovimba, akatazama mkono wake mwenyewe. "Hapana," alisema. "Hata kidogo."

"Siku tatu unamuuliza nani. Unampiga. Na wewe ni Mnyakyusa."

"Hukuniuliza, afande."

"Mimi ni wa Pangani, lazima niulize. Wewe ulipaswa kujua." Hanifa hakupandisha sauti, na Aliko alitamani angeipandisha. "Kaa hapo mlangoni. Mtu akimgusa tena, nakuvua mkanda."

*

Alimkuta Zebedayo chini ya bati la nyuma ya kituo. Mzee hakumpa mkono.

"Ndaga, mzee," Hanifa alimsalimia.

"Kinyakyusa chako kiache huko huko," alisema Zebedayo. "Nimeambiwa wewe ndiye unataka kumwachia yule mwizi."

"Nimekuja kuuliza kuhusu chungu."

Mzee akaguna. "Chungu nilikichukua mimi. Nikakibeba kichwani, maji yako kiunoni. Nikakiweka darini kwangu usiku nne, nikilala chini yake na panga. Nani mwingine angefanya hivyo? Jumatatu alfajiri, mwenyekiti kasema ramani inatakiwa. Nikakirudisha. Nikapiga deki ofisi, nikafuta matope, nikavirudisha vile vitu mahali pake. Nikagonga, nikaondoka. Saa nne nasikia mashine imekufa. Maana yake ni nini? Alishaviua kabla hajavitia chunguni! Kanibebesha maiti, mzee mzima! Mwanangu akirudi namwambia amrudishe kwao."

"Nani alikwambia kipi kiwe juu na kipi chini?"

"Nani aniambie? Yeye hawezi kusema na mimi. Siku zote mke wangu ndiye anapeleka maneno katikati, na mke wangu alikuwa kanaswa na maji huko Matema. Nimetumia akili."

"Akili gani?"

"Nilivipima mkononi. Kimoja kizito, kimoja chepesi. Kizito ndicho kikubwa, nikakiweka juu. Mkubwa hakalishwi chini ya mdogo, hata kama ni chuma." Akamtazama Hanifa kwa dharau ya mtu aliyeeleza jambo lisilohitaji maelezo. "Kwenu Pwani mnafanyaje?"

Hanifa alikuwa na jibu lake lote, lakini ladha yake ilikuwa chungu.

"Mzee, mashine ile inaanzia juu. Mdogo ndiye anayejua njia. Mkubwa alikaa juu, akaelekeza njia ya zamani, mashine ikapotea. Mkweo hakuua kitu."

Zebedayo alitingisha kichwa. "Kwa nini hakusema? Amekaa ndani siku tatu. Wamempiga, nimesikia. Angesema tu kwamba aliyerudisha ni..."

Akaishia hapo. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mzee akawa anaisikiliza. Akaivua tochi shingoni, akaitia ndani ya koti.

"Angesema ni nani, mzee?" Hanifa aliuliza.

Sauti ya mzee haikuwa ile ya mwanzo. "Andika," alisema. "Andika ni mimi. Jina langu mimi naruhusiwa kulitaja."

Alitia dole gumba saa sita na dakika ishirini.

*

Saa saba ofisi ilikuwa imefurika. Gari la kwenda Kyela lilikuwa limeshawashwa, na Lameck alisimama mbele ya meza mikono kifuani.

"Nina maelezo yaliyotiwa dole gumba," alisema Hanifa. "Droo zilirudishwa na mtu mwingine, si Tusekile, kwa nia njema, bila kuelekezwa. Alisema nzito aliiweka juu. Haruni, ipime."

Haruni alitoa droo yenye msalaba na ile yenye duara, akazipima mikononi. "Ya msalaba ndiyo nzito," alikiri. "Lakini, afande, ukizigeuza na ikaharibika, mimi simo."

"Hukuwahi kuwemo. Duara weka juu."

Jenereta likavutwa. Kioo kikawa cheusi, kikahesabu. Ikatokea L. Ikatokea I. Hapo Lameck akaanza kutabasamu. Ndipo ikaja L ya pili, ikaja O, na mistari ikaanza kuporomoka kiooni kwa kasi ambayo macho hayakuiweza. Baada ya dakika mbili ilikuwepo ramani, mashamba mia tatu na arobaini, kila moja na jina la mwenyewe.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisogea kutafuta majina yao, wakayaona, wakarudi nyuma bila kumwangalia Hanifa. Wengi wao Jumatatu walikuwa wameokota mawe ya kumpiga Tusekile. Aliko alikuwa amemleta Tusekile, akasimama naye kizingitini, na watu waliokuwa karibu naye walijifanya wanatazama mvua.

Lameck alihitaji mtu wa kumkasirikia, na aliyekuwa naye alimponyoka. "Nani?" alifoka. "Aliyetuletea balaa hili ni nani? Siku tatu tumemlaani mtoto wa watu! Umoja una haki ya kujua! Mtaje, afande, mtaje hapa hapa mbele ya wote!"

Hanifa aliinua karatasi ya maelezo. Jina lilikuwa pale, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Akamwona Tusekile kizingitini, vidole vyake vikiwa vimeshaanza kupanda na kanga kuelekea masikioni.

Akaikunja karatasi.

"Jina liko kwenye jalada," alisema.

"Mtaje! Wewe ni polisi, unaficha nini?"

"Sitaji."

"Kwa nini?"

Ndipo ukuta wa nyuma ukagongwa. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, taratibu, kwa mkono wa mtu mzima. Ofisi nzima ikageuka kuutazama ukuta. Wale wazee wa vitini, ambao asubuhi walikataa kusimama, waliangaliana, na mmoja wao akainuka akakiacha wazi kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta. Ufunguo ulikuwa umelala dirishani, unachuruzika maji ya mvua.

Lameck alisogea pembeni, akaipisha meza.

Tusekile hakuingia mara moja. Alisimama pale pale, anahesabu kimoyomoyo, mpaka hatua za mabuti zikaisha kusikika nyuma ya nyumba. Kisha akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya watu wote bila kumsalimia hata mmoja, akakaa, akaanza kuchapisha ramani.